Kioo cheusi kwenye Linux: kabla ya kufomati, jua kwanza picha imepotelea wapi

Assalaam aleykum wasomaji wetu wa Unguja na Pemba. Safari hii maswali yaliyokuja karibu yote yanahusu kioo cha kompyuta zenye Linux, yaani mfumo wa kuendeshea kompyuta unaowekwa badala ya Windows, mwengine kimekuwa cheusi, mwengine picha imekuwa kubwa kupita kiasi, mwengine anaandika paswedi anarudishwa mlangoni, na karibu wote wamekuja na maneno yale yale kwamba wameambiwa dawa ni kufomati. Nasema mapema kabisa, kufomati ni hatua ya mwisho. Kitu cha kwanza ni kuangalia picha inapotelea wapi, kabla ya nembo ya kampuni, baada ya nembo, au baada ya kuandika paswedi, kwa sababu hayo ni maradhi matatu tofauti na kila moja lina dawa yake.

SWALI: Kaka, nimenunua laptopu ya mtumba pale Darajani, ina kadi ya NVIDIA, Windows yake ilikuwa inajikokota nikashauriwa niweke Linux Mint. Flashi ilipowaka mara ya kwanza kioo kilikuwa cheusi, mdogo wangu akachagua ule mstari ulioandikwa "compatibility mode" ikawaka vizuri tu, tukaweka mpaka mwisho. Sasa nikiwasha naona nembo ya kampuni, halafu kioo kinakuwa cheusi na feni inazunguka basi. Fundi anasema ifutwe yote irudishwe Windows, na mimi ndani nishaingiza hesabu za kikundi chetu cha mwani. Nifanyeje? (Mwanakwerekwe)

JIBU: Dada yangu, usimruhusu mtu afute kitu. Hesabu zenu zipo kwenye diski, na diski haina ugomvi na kioo. Na jibu umeshaliandika mwenyewe bila ya kujua, pale uliposema kwamba kwa "compatibility mode" iliwaka.

Ukichagua mstari ule, Mint inaiambia kerneli, yaani ule moyo wa Linux unaoongea na vifaa, isijaribu kuiendesha kadi ya grafiki, kile kifaa kinachochora picha, kwa nguvu zake zote, itumie picha ya kawaida tu ambayo mashine imeianza nayo. Neno linalofanya kazi hiyo ni nomodeset. Sasa ulipomaliza kuweka, neno lile lilibaki kwenye flashi, halikuhamia kwenye diski, ndo maana mfumo ulipowaka wenyewe ukajaribu kuishika kadi ya NVIDIA kwa draiva, yaani programu ya kukiendesha kifaa, inayoitwa nouveau na kioo kikaingia giza. Nouveau ni kazi ya watu wa kujitolea waliokaa miaka wakiichunguza kadi kwa nje kwa sababu kampuni haikuwapa maelezo ya ndani, na nawaheshimu sana, lakini kuna kadi inazipatia na kuna kadi zinaishinda. Kadi za Intel na AMD hazina shida kubwa hivyo kwa vile draiva zake ziko ndani ya kerneli yenyewe na kampuni zenyewe zinachangia kuziandika. Ugomvi huu wa NVIDIA ni wa zamani, mwaka 2012 Linus Torvalds aliyeanzisha Linux aliilaumu kampuni hiyo hadharani kule Finland, na ni mwaka 2022 tu ndo walianza kuifungua sehemu ya draiva yao, tena kwa kadi mpya mpya.

Kabla ya yote hakikisha mashine iko hai. Kioo kikiwa cheusi bonyeza Caps Lock, kama kitaa chake kinawaka na kuzima basi kerneli inakusikia. Halafu bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Likitokea neno login kwa maandishi meupe, mfumo wote mzima, picha tu ndo haijapanda.

Sasa fanya hivi. Zima, washa, na mara tu nembo ya kampuni ikitoka bonyeza Esc mara moja, mashine za zamani zinataka ushikilie Shift badala yake. Ukibonyeza Esc mara nyingi utaangukia kwenye mstari mtupu ulioandikwa grub, usishtuke, zima uanze tena. Itakuja menyu, mstari wa kwanza Linux Mint. Usibonyeze Enter, bonyeza herufi e. Litafunguka pazia la maandishi mengi yanayotisha, wewe tafuta mstari mmoja tu unaoanza na neno linux, ufuate mpaka mwisho wake utaona quiet splash. Acha nafasi baada ya splash, andika

nomodeset

kisha bonyeza F10. Itawaka, picha itakuwa kubwa kubwa na maandishi yamevimba, ndo ilivyo, usihangaike nayo. Ukiona kuandika kunakutia hofu, kuna njia nyengine ya kufika hapo hapo: kwenye menyu ile ile ingia "Advanced options", chagua mstari wenye maneno recovery mode, na menyu ya pili ikitoka chagua resume.

Ushaingia ndani bas, kitu cha kwanza kopi hesabu za mwani kwenye flashi, hapo hapo, kabla hujagusa chengine. Kisha fungua Driver Manager kwenye menyu ya Mint, itakuuliza paswedi, itatafuta kadi na kukuonesha orodha ya draiva, moja imeandikwa recommended, chagua hiyo. Draiva ya NVIDIA ni mzigo wa mamia ya megabaiti kwa hivyo usianze na bando la kuungaunga, nenda penye waifai ya uhakika na laptopu iwe kwenye chaji.

Na hapa pana pahala watu wengi wanakwama. Kama mashine ina Secure Boot, yaani ulinzi unaokataa programu zisizotambulika wakati wa kuwaka, wakati wa kuweka draiva itakutaka utunge paswedi mpya ya mara moja. Ukiristati utaona kioo cha buluu kinachosema kuhusu MOK, yaani ufunguo wa kuiruhusu draiva yako, na kinakusubiri sekunde 10 tu kisha kinapita zake, kwa hivyo kaa karibu, usiende kutia chai. Bonyeza kitufe chochote, chagua Enroll MOK, halafu Continue, halafu Yes, andika ile paswedi uliyoitunga, hutoona hata nukta lakini inaandika. Ukikipita kioo kile, draiva itakuwa imewekwa lakini haitoruhusiwa kufanya kazi, na wewe utadhani kadi mbovu.

Kama kadi yako ni kongwe, orodha inaweza kukupa namba ndogo kama 470 badala ya zile mpya, hiyo ni sawa, mfululizo wa 470 ndo wa mwisho unaozihudumia kadi nyingi za GeForce 600 na 700. Chukua unachopewa, usiende kupakua faili kwenye tovuti ya NVIDIA ukaliweka kwa mkono, kila kerneli ikibadilika utarudi kwenye giza.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, kompyuta ya ofisini ina Linux Mint. Tangu juzi naandika paswedi, kioo kinakuwa cheusi kidogo halafu narudishwa pale pale pa kuandika paswedi. Paswedi ni sahihi kwa sababu nikikosea makusudi inanambia nimekosea. (Chake Chake)

JIBU: Maalim, umefanya vizuri sana kujaribu kukosea makusudi, jaribio hilo moja limeshaondoa nusu ya wasiwasi. Kadi yako nzima, draiva nzima, kwani kile kioo cha paswedi nacho ni picha na unaiona. Mfumo umekukubali, ukajaribu kukufungulia chumba chako, ukashindwa. Sababu zinazoongoza ni mbili.

Ya kwanza ni diski kujaa. Meza yako, yaani desktop, ikifunguka inahitaji kuandika vifaili vidogo, pakikosekana nafasi inaanguka na unarudi mlangoni. Kompyuta za skuli zinajaa mno, watu wanateremsha video wanaziacha. Bonyeza Ctrl Alt F3, andika jina lako la kuingilia, Enter, paswedi, Enter, kisha

df -h

Tazama mstari unaoishia na alama ya mkwaju peke yake, yaani /. Ukiona 100% au 99% ndo mchawi huyo. Safisha kwa amri hizi mbili, neno sudo maana yake unaiendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi

sudo apt clean
sudo journalctl --vacuum-size=100M

ya kwanza inafuta mabaki ya programu zilizoteremshwa, ya pili inapunguza kumbukumbu za mfumo, zote mbili hazigusi kazi zako. Takataka nazo zinakula nafasi, vile ulivyofuta kwa kubofya havijaondoka, vimelala kwenye .local/share/Trash ndani ya folda yako.

Sababu ya pili ni faili linaloitwa .Xauthority kubadilika mmiliki. Faili hili ndo ruhusa yako ya kufungua picha, na linatakiwa liwe mali yako. Kuna wakati mtu anaendesha programu ya picha kwa sudo, faili linahamia kwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kuanzia hapo wewe huna ruhusa kwenye nyumba yako mwenyewe. Andika

ls -l .Xauthority

na usome majina mawili yalioko katikati ya mstari. Yakiwa root root, basi

sudo chown $USER:$USER .Xauthority

Andika exit, rudi kwa Ctrl Alt F7, jaribu kuingia. Na tafadhali waambie wenzako ofisini sudo isitumike kufungulia programu za kawaida.

SWALI: Kompyuta ya mezani, Ubuntu, nilikuwa napiga apdeti umeme ukakatika. Uliporudi inawaka inaishia kwenye maandishi, picha hakuna. Natumia kwa kazi ya kuchapisha kadi za harusi na sasa watu wananisubiri. (Wete)

JIBU: Pole yakhe. Kilichotokea ni kwamba programu zimekatwa katikati, nyengine zimefunguliwa hazijapangwa, na mara nyingi kerneli mpya imeshaingia lakini draiva ya grafiki ya kuifuata haikuwahi kutengenezwa.

Kwa vile una kazi za watu, anza na njia ya haraka. Menyu ya kuwashia, ile ya Esc niliyoieleza kwa dada wa Mwanakwerekwe, "Advanced options", utaona kerneli zaidi ya moja zimepangwa kwa namba, Ubuntu huwa inaiacha ya zamani kwa ajili ya siku kama hii. Chagua ya pili yake, isiyo na recovery mode. Mara nyingi inawaka na picha kamili, unamaliza kadi zako, matengenezo unayafanya usiku.

Matengenezo yenyewe, kama imewaka fungua teminali, kama haijawaka tumia Ctrl Alt F3, uandike

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Ya kwanza inamalizia zilizokatwa, ya pili inaleta zilizopungua kwa hivyo inataka intaneti, chomeka waya wa mtandao ikiwezekana. Ikikuuliza kuhusu faili fulani la mipangilio ulibakishe au ulibadilishe, bonyeza Enter tu, itabakisha la zamani. Subiri mpaka irudi kwenye alama ya dola, usizime kwa kuona imekaa kimya, hasa ikifika kwenye neno initramfs hapo inachukua muda.

Kompyuta ya mezani ya biashara Pemba bila ya UPS, yaani betri ya akiba umeme ukikatika, mimi siikubali. Si lazima iwe kubwa, ikupe dakika 10 za kumaliza apdeti na kuzima kwa amani inatosha. Na uiweke Timeshift, kwenye Mint inakuja yenyewe, kwenye Ubuntu unaiweka kwa sudo apt install timeshift. Inapiga nakala ya mfumo kabla hujaubadilisha, na mambo yakiharibika, hata bila ya picha, unaandika sudo timeshift --restore unarudi siku ya nyuma. Inalinda mfumo tu lakini, kazi zako za kadi ziweke nakala pembeni.

SWALI: Monita ya skuli tumeiunga kwa waya wa VGA, yenyewe ni ya 1920 kwa 1080, lakini Linux inatoa 1024 kwa 768 tu na kwenye orodha hamna nyengine. (Makunduchi)

JIBU: Monita inatakiwa ijitambulishe kwa kompyuta kupitia waya ule ule, inasema mimi ni fulani na naweza ukubwa huu na huu. Waya ukiwa na pini iliyovunjika au yenye kutu, picha inapita lakini utambulisho haupiti, Linux inakosa habari inachagua ukubwa salama. Upepo wetu wa chumvi unazimaliza pini hizi, hasa skuli za pwani zenye madirisha wazi. Kwa hivyo chomoa, tazama pini moja moja kwa tochi ya simu, jaribu waya mwengine kabla hujaandika amri hata moja. Nusu ya kesi zinaishia hapo.

Waya ukiwa mzima na bado, andika xrandr peke yake, utaona jina la njia, tuseme VGA-1. Kisha mistari hii mitatu, jina ubadilishe liwe lako:

xrandr --newmode "1920x1080_60.00" 173.00 1920 2048 2248 2576 1080 1083 1088 1120 -hsync +vsync
xrandr --addmode VGA-1 "1920x1080_60.00"
xrandr --output VGA-1 --mode "1920x1080_60.00"

Namba zile ndefu si za kubuni, zinatolewa na amri cvt 1920 1080, na kwa ukubwa mwengine unaiuliza cvt hiyo hiyo. Ukitoka na kuingia tena zinapotea, zikikufaa ziweke kwenye programu za kuanza na mfumo. Hii ni kwa meza zinazotumia Xorg, kama Mint ya kawaida. Xorg na Wayland ni njia mbili za Linux kupeleka picha kwenye kioo, na kwenye Wayland amri hii haifanyi kazi. Na ikiwa ni projekta nayo haioneshi kitu, kabla ya hayo yote bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P.

SWALI: Laptopu inawaka, naisikia mlio wa kuingia, lakini kioo cheusi. Linux imeniharibia kioo? (Nungwi)

JIBU: Linux haiharibu kioo hivyo. Ingia chumba chenye kiza, washa mashine, umulike kioo kwa tochi ukiiinamisha. Ukiona kwa mbali sana ikoni na maandishi, picha ipo ila taa ya nyuma ya kioo haiwaki. Jaribu kwanza vitufe vya mwangaza, kisha chomeka monita ya nje. Halafu angalia ile nembo ya kampuni wakati wa kuwasha, nayo haionekani? Pale Linux haijafika bado, kwa hivyo hilo ni la fundi wa vifaa, taa au ule waya bapa unaopita kwenye bawaba. Nembo ikionekana vizuri na giza likaja baadae, rudi kwenye jibu la dada wa Mwanakwerekwe.

SWALI: Mashine yangu ilikuwa na kioo cheusi, kijana akaitengeneza, sasa inawaka lakini nzito, video zinakatakata na feni haipumziki. (Tunguu)

JIBU: Nina wasiwasi ameacha nomodeset ndani moja kwa moja. Neno lile ni la kuingilia tu, likibaki hata draiva nzuri ya Intel haifanyi kazi, picha zote zinachorwa na prosesa. Thibitisha kwa

sudo apt install mesa-utils
glxinfo | grep renderer

Ukiona llvmpipe, ndo hivyo, kadi yako imekaa bure. Fungua faili kwa sudo nano /etc/default/grub, tafuta mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, futa neno nomodeset peke yake na uziache alama za nukuu, hifadhi kwa Ctrl O na Enter, toka kwa Ctrl X, kisha sudo update-grub na uristati. Kama ni NVIDIA weka draiva kwanza ndo ulifute neno.

SWALI: Nikikwama nikakuandikia, nikwambie nini ili unisaidie haraka? (Mkoani)

JIBU: Swali zuri, na natamani wote mlifuate. Usiniandikie "haiwaki" tu. Nambie unatumia Linux gani na toleo lake, picha inapotea wakati gani, na ulifanya nini mara ya mwisho ilipokuwa nzima. Kisha uendeshe

inxi -Gxx

inakuja na Mint, Ubuntu unaiweka kwa apt, inataja kadi, draiva inayotumika na ukubwa wa kioo. Kama picha hamna, iendeshe kwenye Ctrl Alt F3. Ongeza na

journalctl -b -1 -p err

hiyo inatoa makosa ya mara iliyopita ulipowasha, yaani ile iliyoingia giza. Kama bado uko ndani ya giza lile lile kwenye Ctrl Alt F3, ondoa -1. Piga picha kwa simu, uzime flashi ya kamera isije ikang'aa kwenye kioo, na ukate sehemu yenye jina lako kama hupendi lionekane.